Meza ya Mtu Mmoja

Mathilde Kyungu alikielezea chakula kile kana kwamba sahani zilikuwa bado mbele yake.

"Kwanza banatuletea mukate ya moto na mafuta ya zeituni," alisema. "Kisha tomate, na ile fromage yao, jibini nyeupe, juu. Kisha mbuzi. Mbuzi ya kupika mu four, ndani ya tanuri, Madame Nusura, nyama inaachana na mufupa yenyewe, hata kisu hauhitaji. Na viazi. Viazi ya kule Naxos iko na ladha..." Alikosa neno, akafumba macho kulitafuta. "Na divai ya mwenye restaurant, ya baridi, ndani ya kajagi ka bati."

"Mlikula wote wawili?"

"Wote wawili."

"Yeye alikaa wapi?"

"Mbele yangu. Angekaa wapi?"

"Na yeye alikula nini?"

"Mbuzi. Nimeshasema. Alikula na kumaliza, akaongeza mukate." Mathilde alifumbua macho. "Kisha akasema anaenda kutembea kidogo. Miye nikaenda kulala. Bon. Njo vile ilikuwa."

Nusura Abdulkarim aliweka kalamu yake juu ya meza bila kuandika neno. Alikuwa mwanamke wa Tanga aliyeishi Brussels miaka mingi, na leseni yake ya upelelezi binafsi ilikuwa imemzoesha uongo wa kila aina: wa waume, wa wafanyakazi, wa majirani waliogombania ukuta. Uongo wa Mathilde haukufanana na huo. Watu wanaodanganya hufupisha, wapite haraka mahali penye shimo. Huyu alikuwa anarefusha. Kila Nusura alipouliza, mezani kiliongezeka kitu.

Sebule ilikuwa ndogo, ghorofa ya tatu katika moja ya zile nyumba za zamani za Saint-Gilles zilizokatwakatwa kuwa vyumba vya kupanga. Viti vya plastiki vilikuwa vimebebanishwa ukutani. Viliazimwa kanisani kwa ajili ya waombolezaji, na hakuna aliyevikalia.

Habari yenyewe Nusura aliijua kutoka kwa Jémima, binti wa pekee wa nyumba ile, ambaye ndiye aliyemwajiri. Baba yake, Hilaire Kyungu, alikuwa dereva wa tramu mpaka alipostaafu mwaka huu. Katikati ya Agosti yeye na mkewe walikwenda likizo kisiwani Naxos, Ugiriki, likizo ya kwanza ya maisha yao. Kabla haijaisha, Hilaire alikutwa amekufa ndani ya korongo, chini ya njia ya miguu ipandayo mlimani. Mkewe aliwaambia polisi kwamba walikula pamoja mchana, kisha mume akaondoka peke yake. Polisi waliandika ajali. Simu ya marehemu walimkuta nayo mkononi, kioo kimesagika, na hawakuona haja ya kuifungua kwa kuwa mjane alishaeleza yote.

Maiti ililetwa Brussels pamoja na muhtasari wa daktari wa Kigiriki, ukurasa mmoja. Jémima ni mfamasia. Aliusoma palepale uwanja wa ndege, akakutana na sentensi moja ambayo hakuna mwingine aliyeijali: tumbo la marehemu lilikuwa tupu.

Tangu siku hiyo mazishi yalisimama. Josias Kyungu, mdogo wake Hilaire, alisema mbele ya watu kwamba mjane hatakanyaga kaburini mpaka aeleze alimfanya nini kaka yake. Watu walimsikiliza. Viti vikabaki vitupu.

"Mama Jémima," Nusura alisema taratibu, "una uhakika alikula?"

Mathilde aliinuka kwenda jikoni.

"Nitakuletea chai," alisema. "Hujakunywa kitu tangu ulikuja."

*

Jémima alikuwa anamsubiri katika mkahawa wa kona, pale uwanjani Parvis. Alikuwa hajavua koti.

"Donc, kumbe amekudanganya na wewe."

"Amenidanganya jambo moja," Nusura alisema akivuta kiti. "Chakula chenyewe si uongo. Mtu hawezi kubuni nyama ya namna ile. Alikula kweli, na alikula siku ileile. Nina shaka na yule aliyekaa mbele yake. Ulisema mama yako alikutumia picha?"

Jémima alifungua simu yake na kuisukuma mezani. Picha ilikuwa imetumwa mchana wa siku ya kifo. Sahani ya mbuzi na viazi, nusu limau, jagi la bati lililotoka jasho kwa baridi. Chini yake Mathilde aliandika: *Angalia maman yako!*

"Nimeiangalia mara mingi," Jémima alisema. "Ni chakula tu."

"Usiangalie chakula. Angalia kiti cha upande wa pili."

Juu ya kiti cha pili palikuwa na mkoba mwekundu, na juu ya mkoba kofia ya majani ya kike.

"Ni sac ya maman." Jémima aliinama. "Labda papa alikuwa ameenda toilette."

"Mtu akienda msalani na kurudi, huwezi kumwekea mkoba kitini kwake. Na angalia meza. Uma mmoja. Glasi moja. Kikapu cha mkate kimesogezwa upande wa mama yako, na mbele ya kile kiti hakuna hata kitambaa. Mhudumu hakumwandalia mtu pale. Mama yako aliketi peke yake toka mwanzo, mtoto wangu."

Jémima aliirudisha simu mkobani polepole. Alipoongea tena, aliongea akitazama soko la nje, watu wakifunga meza zao za mboga.

"Kuko kintu sikukuambia. Juzi maman alilala, nikafungua telefone yake. Ile siku, ile saa, aliongea na muntu. Muda murefu. Jina ni Bienaimé." Alilitamka neno kama mtu anayetema mbegu chungu. "Bien-aimé, Madame. Mupenzi. Kama huyu bwana alikuwa kule, mu kisiwa? Kama papa aliwakuta?"

"Kwenu Kivu, kule Kongo, Bienaimé si jina la mtu?"

"Ni jina. Lakini najua bantu yote ya maman. Sijaisikia hata siku moja."

Nusura alilifikiria. Mwanamke mezani peke yake, mume hajala, simu ndefu kwa mtu ambaye binti hamjui. Ilikuwa hadithi inayoshikamana vizuri, na Josias angeipokea kwa mikono miwili.

"Nipe hiyo namba," alisema.

*

Namba ile haikumpeleka Ugiriki. Ilimpeleka Laeken, katika nyumba ya kulelea wazee ambako Mathilde alifanya kazi kwa zaidi ya nusu ya maisha yake ya Brussels.

Bienaimé alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sare ya bluu na viatu vyeupe. Nusura alimkuta chumba cha kulia, akimlisha bibi mmoja wa Kibelgiji supu ya karoti kwa kijiko. Hakuacha. Alimwonyesha Nusura kiti kwa kidevu.

"Mmefahamiana muda gani na Mathilde?"

"Tangu mwanzo wa mwaka, wakati banaleta miye huku. Mbele nilikuwa Liège." Alimpangusa bibi mdomo. "Ananiita petit frère, mudogo wake. Ni yeye alinifundisha kazi, vile ya kugeuza muntu kitandani bila kumuumiza. Mbona hakuna muntu ananiambia siku ya mazishi? Tunataka kuja, équipe yote ya kazi."

"Siku aliyokufa Hilaire, wewe ulikuwa wapi?"

Kijiko kilisimama hewani. "Hapa. Uliza chef. Nilikuwa hapa asubuhi mupaka mangaribi."

Nusura alikwisha kumuuliza, kabla hajaingia. Msimamizi alikuwa amemthibitishia: zamu nzima, hakutoka. Ile dhana ya mpenzi wa kisiwani ilikuwa imekufa tayari, mlangoni pa jengo.

"Mathilde alikupigia simu siku hiyo."

"Ndiyo. Nilikuwa mu pause, napumzika." Uso wake ulilainika, na kwa kitambo kidogo alitabasamu. "Alikuwa anacheka, Madame. Sijamusikia akicheka vile. Anasema: Bienaimé, nakaa! Nakaa tu, na muntu ananiletea sahani! Unaelewa? Sisi huku ni kulisha bantu, kila siku, kijiko, kijiko. Hakuna muntu alishalisha maman Mathilde. Akaanza kunihesabia: mbuzi, viazi, divai. Anasema, nitakunywa hii jagi yote peke yangu na kisha nitalala chini ya muti."

"Peke yake. Na mume wake?"

"Aliondoka asubuhi kwenda ku mulima. Yeye alikataa kwenda. Alisema muguu imechoka." Bienaimé alikiweka kijiko ndani ya bakuli. Tabasamu lilikuwa limeondoka. "Kisha nikasikia bip, bip. Muntu mwingine anamupigia. Akaangalia, akasema: ni papa Jémima huyu, anataka nipande niangalie milima yake. Acha aite. Nitamupigia nikimaliza kula."

Bibi wa Kibelgiji alifungua mdomo akisubiri supu.

"Tukacheka," Bienaimé alisema. "Miye pia, nilicheka. Baadaye wakati tulisikia kama amekufa, nilihesabu masaa. Sikumwambia muntu. Ningemwambia nani?"

Alikichukua kijiko tena, akarudi kumlisha bibi.

*

Jioni ileile tafsiri ya Kifaransa ya ripoti kamili ya daktari ilifika. Nusura aliisoma ofisini, akaisoma tena ndani ya metro, kisha akashuka Molenbeek na kutembea hadi kwenye duka la dawa la Jémima. Alikuta chuma cha dirishani kimeshushwa nusu.

Walisimama chumba cha nyuma, kati ya rafu za maboksi. Nusura alimweleza kwanza habari za Bienaimé, bila kupunguza. Jémima alisikiliza mikono ikiwa mifukoni mwa koti jeupe. Nusura alipofika kwenye ile simu iliyoachwa iite, binti alitazama chini.

"Kama hutaki kusoma, nitakusimulia," Nusura alisema.

"Ni kazi yangu kusoma."

Alisoma amesimama. Nusura alijua yuko wapi kwa jinsi macho yalivyopunguza mwendo. Mfuko wa mgongoni ulikutwa na mkate na jibini, vimefungwa, havijaguswa. Mchungaji wa mbuzi alimwona akipanda mapema asubuhi, na hakuna aliyemwona tena. Paja la kulia lilivunjika. Damu ilivuja ndani, polepole. Juu ya mahali palipovunjika, marehemu alikuwa amejifunga mkanda wake wa suruali, akaukaza vizuri.

"Garrot," Jémima alisema. "Alijifunga garrot, ya kuzuia damu." Alikaa juu ya boksi la maji ya chumvi. "Donc hakukufa palepale."

"Hapana."

"Alianguka asubuhi. Mbele ya kula mukate yake. Na alimupigia maman mchana."

"Ndiyo."

"Kwa nini hakupigia secours, bantu ya kuokoa?"

"Kioo kilikuwa kimesagika chote. Nadhani alibonyeza popote palipokubali, na namba ya mwisho aliyokuwa ameipiga ilikuwa ya mama yako. Simu ikakubali mara moja tu."

Jémima aliikunja ripoti, akaikunjua, akausoma tena ukurasa uleule. Dukani mtu aligonga chuma, akangoja, akaenda zake.

"Kama angejibu," alisema, "banasema hapa, fracture kama hii, na garrot, ukifika hospitali..." Hakumaliza. Alikuwa mfamasia, hakuhitaji kumaliza. "Nimetafuta ukweli. Nilikuambia hivyo, siyo? Nilikuambia, Madame, nataka ukweli yote, hata kama ni maman."

"Uliniambia."

"Sasa twende kwake."

"Leo umechoka. Kesho..."

"Leo," Jémima alisema, akavua koti jeupe.

*

Mathilde aliwafungulia mlango amevaa gauni la nyumbani. Alitazama uso wa bintiye, kisha uso wa Nusura, akarudi nyuma kuwapisha. Jémima hakukaa. Alisimama karibu na dirisha, mgongo kwa mama yake.

"Mama Jémima," Nusura alianza, "nimetoka kuonana na Bienaimé."

Mjane alishika ukingo wa meza, akaketi.

"Alisema tulicheka?"

"Alisema."

Kutoka ghorofa ya chini ilisikika redio ya mtu. Mathilde alipoanza kusema, hakumwambia Nusura. Aliuambia mgongo wa bintiye.

"Mu quatre-vingt-seize, mwaka ya tisini na sita, wakati ya vita, tulitembeaka kutoka Bukavu mupaka Shabunda. Mu pori. Unajua ile histoire, sikukuambia yote. Tangu ile wakati, miye kutembea, sipendi. Kutembea ni kukimbia. Lakini papa yako alikuwa tofauti. Yeye alisemaka: Mathi, siku moja tutatembea na hakuna muntu anatufukuza. Tutatembea sababu ni kuzuri tu. Kule Naxos nilitembea naye kila siku. Mawe, jua, mbuzi. Alikuwa anafurahi kama mutoto. Anakunywa divai mangaribi, muguu imevimba, anacheka. Nilifanya vile sababu yake. Ile siku, asubuhi, nikasema: leo hapana. Leo nakaa. Hakukasirika. Alichukua mukate, akanibusu hapa." Aligusa paji la uso. "Akasema, nitakupigia nikifika mahali pazuri."

"Na alipopiga," Nusura alisema.

"Mbuzi ilikuwa imefika sasa hivi. Ilikuwa ya moto." Alisema hivyo kwa sauti ya chini sana. "Nikaweka telefone ndani ya sac. Nikakunywa. Nililala chini ya muti, Jémima, nikalala vizuri. Kuamuka, napiga, napiga, telefone yake haiite. Kisha banakuja bapolisi. Yule kijana ananiuliza, Madame, ulikuwa wapi wakati bwana yako anapotea? Nitamwambia nini? Kama nakula? Kama nimelewa kidogo, na niko nacheka? Basi nikamuweka ku meza. Nikamupa kiti. Nikamupa mbuzi na mukate, nikasema alimaliza, alishiba. Kila mara bananiuliza, namuongezea kintu. Sikutaka aende na njaa."

Jémima aligeuka. Nusura alikuwa ameona nyuso nyingi za watu wakipokea ukweli walioulipia, na alijiandaa kwa sauti kubwa. Haikuja.

"Nyinyi muko na rapport," Mathilde alisema. "Naona ile karatasi mu sac ya Madame. Miye sitaisoma. Mutaniambia kintu kimoja tu, na kisha Josias afanye vile anataka." Alivuta pumzi. "Alinipigia mbele ya kuanguka, ao nyuma, wakati alikuwa tayari chini?"

Nusura alifungua mdomo. Katika kazi yake alikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo ndiyo iliyowafanya watu wamwamini: anayeuliza anajibiwa. Alikuwa anatafuta maneno laini zaidi ya kubebea jambo lile wakati Jémima alipopita mbele yake na kupiga magoti karibu na kiti cha mama yake.

"Mbele, maman."

"Mbele?"

"Mbele. Alikupigia akiwa juu, amesimama. Kisha aliteleza, akakufa palepale. Hakujua hata kama anakufa. Banaandika yote. Miye nimesoma mara mbili."

Mathilde alimtazama bintiye kwa muda mrefu. Mikono ya wagonjwa wengi ilikuwa imepoa ndani ya mikono yake, na Nusura aliwaza kwamba mwanamke huyu hawezi kudanganywa kuhusu kifo. Kisha akamgeukia mpelelezi.

"Ni kweli, Madame Nusura?"

Juu ya bega la mama, Jémima alikuwa anamkazia macho. Hayakuwa yanaomba.

"Ndivyo daktari alivyoandika," Nusura alisema.

Mathilde alitikisa kichwa, mara moja, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo mwepesi kuliko alivyotarajia na ambaye hataki kuuliza kwa nini. "Basi alitaka tu nione," alisema. "Nione vile kuko kuzuri." Ndipo kilio kikamtoka, kikubwa, cha wazi, na Jémima akamshika kichwa na kukikandamiza kifuani.

Ilipotulia, binti alichukua simu na kumpigia Josias mbele yao wote.

"Tonton, tunamuzika samedi, Jumamosi hii," alisema. "Enquête ya Madame imeisha. Ilikuwa ajali. Maman atasimama mbele, karibu yangu, na muntu asimuguse. Hapana, tonton. Hakuna kingine. Samedi."

Alikata. Alimfunika mama yake mabega kwa kitenge, akavishusha viti vya plastiki kimoja kimoja na kuvipanga mstari kwa ajili ya watu ambao sasa wangekuja. Nusura alimsaidia. Kisha Jémima akasema anakwenda kunawa mikono.

Mlango wa bafu ulifungwa, na bomba likafunguliwa mpaka mwisho. Mathilde alikuwa ameegemeza kichwa, macho yamefumba, amechoka mno kusikia. Nusura alisikia. Chini ya sauti ya maji palikuwa na sauti nyingine, ya mtu aliyeuma taulo ili isimtoke yote.

Aliitoa ripoti mkobani, akaichana katikati, akaichana tena, akasimama na vipande mkononi akingoja maji yakatike.